Chepkorir Yuko Nyumbani

Bungoma, 28 Novemba 2024

Kwako Mama Chepkorir,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini mguu umepata nafuu na ng'ombe hawajambo. Sisi tuko salama, ni mvua tu inatukatalia kuanika mahindi.

Naandika kwa simu, lakini najua unapenda barua iwe barua. Mume wangu Derrick ametengeneza gari, na wiki ijayo tunaenda nalo mpaka Mombasa, mimi na yeye tu. Nairobi tutapumzika kidogo, na ningependa kumwona Chepkorir. Tangu tumalize shule hatujaonana. Si unielekeze anapokaa?

Ni mimi binti yako,
Phelista

Kitale, 29 Novemba 2024

Mwanangu Phelista,

Salamu zimefika na nimezipokea kwa mikono miwili. Mguu unaniuma asubuhi, jua likitoka unaacha.

Chepkorir anakaa Kahawa West, jengo lenye duka la mapazia chini. Anashona hapo. Simu zangu hapokei. Unajua hakufika tulipomzika babake. Alikuja siku tatu baadaye, tukarushiana maneno hapo uani, akaondoka bila kuketi. Sasa ni miaka minane. Ukimwona, mwambie geti sifungi.

Msafiri salama.
Mama yako

Nairobi, 5 Desemba 2024

Mama mpendwa,

U hali gani? Sisi tumefika vizuri, ingawa Derrick analalamikia mgongo.

Tumempata. Amekonda kidogo lakini kicheko ni kile kile. Alitupikia chapati, tukaongea mpaka chai ikapoa. Nilipomwambia kuhusu geti, aliinuka akaanza kuosha vikombe visafi. Halafu akaniuliza bila kugeuka, "Mama yuko sawa?" Nikasema uko sawa. Mwaka huu wote hajatoka Nairobi, Mama. Kazi imemshika.

Usichoke kumngoja.
Binti yako, Phelista

Kitale, 6 Desemba 2024

Mwanangu,

Nashukuru mko wazima. Mimi sijambo.

Barua yako nimeisoma, nikaenda kutafuta miwani nikaisoma tena. Phelista, Chepkorir yuko hapa. Alifika Jumanne alasiri, kwa miguu, nikiwa nalisha kuku. Hakusema mengi. Aliniamkia, akachukua ndoo akaenda kukamua. Analala chumba chake. Nimemsomea ulichoandika, akatabasamu, akasema, "Phelista ananikumbuka vizuri."

Sasa nyinyi mlikula chapati za nani?

Mama yako

Mombasa, 9 Desemba 2024

Mama,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Safari hii nasema nikimaanisha.

Nilimpigia Chepkorir nikamsomea maneno yako. Amesema atakupigia mwenyewe. Tafadhali pokea. Na huyo mtu aliye kwako, ita jirani akae nawe mpaka tujue ni nani.

Phelista wako

Kitale, 10 Desemba 2024

Mwanangu Phelista,

Niko salama, usiogope.

Amepiga. Tulikuwa jikoni tunamenya viazi. Sauti ni ya Chepkorir, sikatai. Alisema, "Mama, ni mimi." Nikaiweka simu mezani, sauti itoke ili aliye hapa asikie. Yeye akaiinamia, akasema polepole, "Mama, ni mimi." Nilisikia pumzi zao zikiingia pamoja na kutoka pamoja. Kisha huyu wangu akachukua kiazi kingine.

Jirani sijamwita. Nimekaa miaka minane bila hata mmoja. Sasa nimfukuze yupi?

Mama yako

Bungoma, 15 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo, na nisamehe kwa kuondoka jana bila kukusalimia. Sikukosa adabu, nilishindwa.

Tukirudi kutoka Mombasa, Chepkorir alitungoja barabarani Nairobi na begi lake, akasema, "Nipelekeni nyumbani." Njia yote mpaka Kitale hakuongea. Tulipofika kwako, alikuwa bado anashusha miguu kutoka kwenye gari nilipotazama mlango wa jikoni. Mwingine alikuwa amesimama pale akijifuta mikono. Uso ule ule, Mama. Hata wembamba ule niliouona Nairobi. Derrick hakuzima injini. Nilisikia Chepkorir akisema, "Nendeni tu," lakini sikumwona akifungua mdomo.

Niambie mnaendeleaje. Derrick hajala tangu jana.

Phelista

Kitale, 17 Desemba 2024

Mwanangu,

Pole kwa hofu. Mpe Derrick uji mwepesi.

Walisalimiana kwa mkono, kama watu waliokutana arusini. Niliwapakulia ugali na sukuma wiki, wakala sahani moja. Kila mmoja alipoinyooshea chumvi mkono, wa mwenzake ulikuwa umeshafika. Baadaye walienda wote wawili kwenye kaburi la baba yao. Niliwatazama dirishani, wamepiga magoti, wanalia. Sikuwa nimewahi kumwona Chepkorir akimlilia babake.

Asubuhi nilikuta mmoja. Begi halikuwepo. Nikasema, "Mwenzako?" Akasema, "Amerudi kazini." Basi tukanywa chai.

Mama yako

Bungoma, 19 Desemba 2024

Mama,

Salamu kwako. Sisi tunaendelea.

Chepkorir amenipigia, ati amefika Nairobi salama. Nikafurahi. Halafu kitu kikaniambia nimuulize jina la msichana aliyelala kitanda cha karibu na vyetu pale bwenini miaka minne. Akasema ni zamani sana. Mama, msichana huyo ni Jentrix. Walilia pamoja siku ya kuachana, Chepkorir hawezi kumsahau.

Nakuomba umuulize huyo aliyebaki. Jina tu. Akilijua, basi ni wetu, na tutamshukuru Mungu. Asipolijua, nitakuja Jumamosi nikuchukue ukae kwetu.

Binti yako, Phelista

Kitale, 20 Desemba 2024

Mwanangu Phelista,

Nimefurahi kusikia mnaendelea. Mguu umeacha kuuma kabisa, sijui ni dawa gani anayonikanda nayo.

Usije Jumamosi. Nakushukuru, umenihangaikia kama mtoto wa tumbo langu, lakini usije. Ulichoniomba nimekisoma. Jana jioni aliingia na maziwa, akaketi karibu nami, akanitazama kama mtu anayengoja kuulizwa. Jina la Jentrix lilikuwa mdomoni mwangu. Nikalimeza.

Nilimuuliza jambo moja tu: "Utalala hapa leo?"

Akasema, "Ndiyo, Mama."

Ni sisi,
Mama yako na Chepkorir