Kwa Nini Walipewa Maziwa

Kambi ya Panda, Jumamosi, Oktoba 1994. Joto la kuchemsha ubongo. Mawingu yanapita juu yetu, yanakwenda kunyesha kwa wengine.

Leo nilitakiwa kuwa na furaha. Nimefagia, nimefua shuka, hata ndevu nimenyoa. Binti yangu Jeanne alikuwa ameniahidi kwamba dereva wa lori atamleta mwanawe Félicité kutoka Lubumbashi, aje akae nami. Ndivyo tunavyofanya kwetu: mzee akibaki peke yake hupewa mjukuu wa kuishi naye, amtume chumvi, amwamshe akikoroma. Félicité ana miaka mitano na jina lake ni la marehemu mke wangu. Kwa hiyo nikienda kwao humwita bibi yangu, naye hunijibu kwamba hawezi kuolewa na mtu asiye na meno.

Wiki hii nzima nimekuwa nikiitazama nyumba kwa macho yake. Nilipiga magoti kabisa, mzee mzima, nikatambaa jikoni. Chini ya meza kulikuwa na chupa ya bia yenye sumu ya mbu, imezibwa kwa gunzi la mahindi. Kwenye mfuko wa maharage kulikuwa na unga mweupe wa kuzuia wadudu, nilioununua soko la Kikula umefungwa kwenye kipande cha nailoni. Aliyeniuzia hakujua jina lake, nami sikumuuliza. Nilikuwa nayasuuza maharage mara moja na kuyala. Chupa nimeipandisha juu ya kabati, maharage nimeyafukia.

Halafu likabaki pipa.

Mabomba ya kambi hii ya wafanyakazi wa shaba yalipokauka, kila nyumba hapa ilijitafutia pipa kutoka kiwandani. Langu lilikuwa la ile dawa inayochanganywa na mawe yaliyosagwa ili shaba ielee juu. Lilikuwa na mchoro wa fuvu. Nililikwangua fuvu kwa kisu, nikawasha moto ndani ya pipa, nikasugua kwa mchanga na majivu, nikaridhika. Tangu siku hiyo chai yangu inanuka kama kabichi iliyooza, nami nimekuwa nikiwasema vibaya wauza majani ya chai.

Jana nilikwenda kwa Papa Kalenga, ambaye alifanya kazi miaka mingi kiwandani, kwenye sehemu ya dawa hizo. Mimi ni fundi wa umeme, na sisi wa umeme tuliwaonea wivu watu wake, kwa sababu kampuni iliwapa maziwa kila siku na sisi hatukupata hata tone. Tulikuwa tunawacheka, tunawaita watoto wachanga. Nilimuuliza kama pipa lililosuguliwa vizuri linafaa kwa maji ya mtoto. Hakucheka.

“Unafikiri balikuwa banatupatia maziwa juu banatupenda?” aliniambia. “Ilikuwa juu ya ile mupepo tulikuwa tunavuta. Minye ile pipa siwezi kuingiza mu nyumba yangu.”

Hakunipa kipimo wala jina la ugonjwa. Hata yeye hajui kama maziwa yale yaliwasaidia, wala ni kiasi gani cha dawa kinachoweza kumdhuru mtu. Lakini kampuni ile sijawahi kuiona ikitoa kitu bure, na hilo lilinitosha. Leo asubuhi nilimwaga maji yote, nikaliviringisha pipa hadi uani. Ndani ya nyumba nikaweka ndoo mpya yenye mfuniko, na kikombe kidogo cha rangi ya bluu.

Dereva alifika mchana, peke yake. Alisema mume wa Jeanne amepata kazi Zambia, wanahama wote, na mtoto wanaenda naye. Nilimpa maji ya kunywa, nikamshukuru kwa kunifikishia habari. Alipoondoka nilikaa kitandani, juu ya shuka safi.

Nina hamu na mtoto ambaye hajalala hapa hata siku moja.

Baadaye Mama Odile, jirani yangu, alikuja uani. Tangu nifiwe na mke wangu, ndiye pekee anayepita kuniuliza kama nimeamka salama. Habari ya lori alikuwa ameshaisikia, akanipa pole. Kisha akalitazama pipa. Yeye tayari analo moja kama hilo, na nyumba yake imejaa watoto.

“Papa, kama mutoto hakuyi tena, ile pipa unipatie minye,” alisema. “Batoto beko mingi, maji haitoshake.”

Nilimwambia lina sumu, lake pia. Akanitazama kama mtu aliyenyimwa kitu kwa kisingizio.

“Na weye, mwaka yote hii ulikuwa unakunywa nini?”

Niliogopa kwamba nikiliacha pale atarudi kulichukua, nami kwa upweke nilio nao nitashindwa kumkatalia. Nikaleta nyundo na tindo, nikalitoboa chini mbele ya macho yake. Ilikuwa njia mbaya ya kumweleza mtu jambo, sasa naona. Aliondoka bila kuaga, na jioni hii nimegonga kwake, hakunifungulia.

Swali lake bado ninalo. Jibu si gumu, ila naona haya kulisema. Fuvu nililiona. Harufu niliisikia kila asubuhi. Nilikunywa kwa sababu nyumba hii haikuwa na mtu wa kuniambia, usinywe. Mpaka ilipotajwa kwamba mtoto anakuja, sikuona kuna mtu humu ndani wa kukingwa na sumu.

Kesho, kabla ya misa, nitagonga kwa Mama Odile nimweleze habari ya maziwa, taratibu, bila nyundo. Asipofungua nitasemea mlangoni. Watoto wake wanalala karibu na mlango, watasikia.