Kilomita Nne za Ihanda

Tunduma, Alhamisi. Mvua ya Februari inanyesha tangu alfajiri, na malori yamejipanga hadi mbele ya kituo chetu cha mitambo ya mtandao yakisubiri kuvuka kwenda Zambia. Sina hamu ya kula wala ya kuongea na mtu. Naandika kwenye blogu hii kwa sababu wasomaji wangu ni wawili, na mmoja wao ni mimi.

Programu yangu imeshindwa leo.

Miaka miwili nimeihangaikia, kila nikitoka zamu. Kwa asiyejua kazi zetu: mtandao unasafiri kama mwanga ndani ya nyuzi za kioo zilizofukiwa ardhini. Mwanga ukienda mbali hufifia, kwa hiyo mtu atasema uongezwe nguvu. Ukiuongeza mno, kioo chenyewe kinaanza kuuvuruga, na ujumbe unafika umeharibika. Programu yangu inaupokea mwanga huo uliovurugika, inaurudisha nyuma kwa hesabu, kilomita baada ya kilomita, na kuondoa vurugu zote zilizoupata njiani. Ila lazima iambiwe ukweli kuhusu kila kipande cha njia.

Mkuu wa kituo alinipa nafasi moja tu ya kuijaribu. Ikifaulu, tunaitumia. Ikishindwa, kazi wanapewa wakandarasi kutoka nje, na mimi narudi kubadilisha betri na kupangusa vumbi kwenye mitambo. Nilipoiwasha saa tatu asubuhi, makosa kwenye ujumbe unaopokelewa yaliongezeka. Nikaizima, nikaiwasha tena, yakaongezeka vilevile. Mkuu aliuliza tatizo ni nini. Nikasema sijui.

Nilikuwa nimeshajua.

Miaka minne iliyopita wanakijiji wa Ihanda walitoka pamoja siku moja kuchimba mitaro ya makinga maji kwenye mashamba yao ya kahawa, na mkongo wetu, ile kebo ya nyuzi za kioo, ukakatwa kwenye kila shamba. Tulipofika, mimi na kaka Simbeye, fundi wetu wa kuunga mikongo, tuliwakuta wamekaa kando ya mitaro, majembe chini, wakisubiri kukamatwa. Na wangekamatwa kweli, kwa kuhujumu miundombinu. Tukaandika kwamba udongo uliporomoka kwa mvua. Kuagiza mkongo mpya kungeleta wakaguzi, kwa hiyo tukafukia kilomita nne za mkongo wa zamani uliobaki stoo, wenye kioo cha aina nyingine, tukajaza fomu kwamba ni aina ileile. Sahihi ni yangu.

Kipande hicho kinaanzia pale mtambo unapouongezea mwanga nguvu, ambapo kioo huuvuruga kuliko kwingine kote. Na mimi, msomi wa hesabu, niliilisha programu taarifa za ile fomu. Niliiandikia karatasi uongo, nikasahau, kisha nikaja kuiamini. Leo nilikumbuka nikiwa nimesimama mbele ya skrini.

Nikisema ukweli naweza kuomba jaribio la pili, na huenda likafaulu. Lakini nitakuwa nimekiri kughushi taarifa, na Simbeye ameingia humo humo. Amebakiza miezi saba astaafu. Wale wakulima nao watafuatwa mpaka majumbani kwao.

Nimechoka. Sioni mlango ambao nikiupitia sitamkanyaga mtu.

Mchana nilimpigia simu Simbeye. Nilitaka anikaripie. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu, kwa ile lafudhi yake ya Kinyiha: "Mdogo wangu, we sema tu. Sema Simbeye ndiye aliyeamua tuandike mvua. Mimi mtu wa kuondoka. Ila wale wa kahawa usiwataje."

Si yeye aliyeamua. Siku ile yeye alitaka tupige simu ofisini, tueleze kama ilivyokuwa, tuwaombee wale watu msamaha. Mimi ndiye niliyesema mvua inatosha. Nilikuwa na haraka ya kurudi Tunduma, na njia nzima nilijiona mtu mwema.

Yote haya anayakumbuka kuliko mimi, na bado alisema vile.

Kesho saa nne mkuu ataniuliza tena mbele ya wenzangu wote. Jibu la Simbeye liko tayari mdomoni mwangu, na linanikaa vizuri kuliko ninavyopenda kukiri.

Kabla hajakata simu nilimwambia asante. Asante ya nini?