Pampu ya Boti Namba Nne

Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, Jangwani kumejaa maji, na mimi roho yangu imechafuka.

Leo nimesema uongo mbele ya karani, na karani akaupiga taipu.

Acha niandike kuanzia mwanzo, maana nikiuacha mpaka kesho nitaanza kuupamba.

Asubuhi nilikuwa karakana ya shirika, hapa Mchafukoge, nimelala chini ya injini ya mashine ya kusaga, akaja Mama Agnesi. Ni mke wa Bosko, mtunza stoo wa kikosi cha wanamaji nilikotumikia kabla sijaajiriwa na shirika hili. Katoka Magomeni kwa miguu, kapita kwenye maji yale, kanga imelowa mpaka magotini. Bosko yuko ndani wiki ya tatu sasa. Wanasema kauza vipuri vya boti za doria kwa walanguzi wa Kariakoo.

"Shemeji," akaniambia, "wewe ndiye uliyekuwa fundi wao. Nenda ukawaambie vitu vilikwenda wapi."

Vilikokwenda nakujua. Hakuna anayekujua kuliko mimi.

Boti zile tuliletewa na Wachina, na zilikuwa pacha. Injini zile zile, mabomba yale yale, hata nati ya hii ilikaa kwenye ile. Tulifurahi, tukasema ikiharibika moja itaazima kwa mwenzake. Tulijiona tuna akili kweli kweli! Basi siku ya kupokea wageni, Namba Mbili ikagoma kuwaka. Pampu ya dizeli imekufa, na mkubwa wetu kashavaa nguo zake nyeupe anangoja gatini, kaamuru iwake kwa vyovyote. Nikaingia Namba Nne, nikafungua pampu yake, nikaifunga kule. Haikufika hata saa nzima. Nilipigiwa makofi.

Palipobaki pengo nilifunga kikadi kwa waya: Imeazimwa na Rajabu, itarudi. Bosko akanifuata mpaka kwenye ngazi, ananidai vocha ya kutolea kifaa. Nikamwambia, "Bosko, acha ukarani wako. Hii inarudi Jumatatu."

Haikurudi. Pampu mpya iliagizwa, badala yake ikaja barua ya kutuambia tusubiri. Na mafundi wengine wakajifunza kwangu. Stata ikahamia Namba Moja, betri zikahamia Namba Tatu, na kila aliyetoa kitu alifunga kikadi chake kama nilivyofanya mimi, mpaka Namba Nne ikawa na vikadi vingi kuliko vyuma. Daftari la stoo likaendelea kusema boti ni nzima. Lingesema nini, na hakuna aliyempa Bosko hata vocha moja?

Leo Namba Moja imezama pale pale ilipofungwa kamba, na vitu vya mwenzake viko tumboni mwake. Namba Tatu wanahifadhia makopo ya rangi. Namba Mbili hutoka siku moja moja, ikarudi inavutwa. Na Namba Nne walipoifungua kuhesabu wakakuta ganda tupu, vikadi vimeoza kwenye maji ya chini, wino umefutika. Hakuna adui aliyezimaliza boti hizi. Tumezila wenyewe, na wa kwanza kunawa mikono nilikuwa mimi.

Basi nikabadili shati, nikaenda ofisi ya upelelezi. Mama Agnesi akangoja chini barazani. Njia nzima nilikuwa shujaa, maneno yote nimeshayapanga. Mpelelezi ni kijana mpole, alinipa shikamoo na kiti. Akauliza kama nilikuwapo kikosini siku hizo. Nikasema nilikuwapo. Akauliza ni nani aliyeanza kutoa vitu Namba Nne bila vocha, "maana huyo naye tunamtaka."

Hapo ulimi ukawa mzito. Nikaona kazi inakwenda, nyumba ya shirika inakwenda, watoto wanarudishwa Lindi kwa mama yangu. Nikajibu, "Mimi nilikuwa mtu wa injini, mambo ya stoo siyajui." Karani akapiga taipu. Nikasaini.

Nashuka ngazi, Mama Agnesi huyo kasimama. "Umewaambia, shemeji?" Nikasema nimewaambia yote. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti mbele za watu, akasema Mungu akulipe. Na mimi, jinga kubwa, nikaitika amina.

Amina!

Mchana kutwa nimemfokea kila mtu karakana bila sababu. Nimejitetea pia: amri ilikuwa ya mdomo, mkubwa mwenyewe alihamishwa zamani, wote tulifanya. Ni kweli, wote tulifanya. Lakini wote hatuko ndani. Yuko mmoja, yule aliyekuwa akidai vocha tukamcheka.

Naona haya hata kukaa peke yangu.

Kwa hiyo naandika hapa, kabla ya adhana ya magharibi, nikiwa na akili zangu timamu. Mimi, Rajabu Mkumba, fundi wa injini, ndiye niliyetoa pampu ya Boti Namba Nne nikaifunga Namba Mbili, bila vocha, na mtunza stoo alinikataza. Hakikuuzwa kitu. Vilivyobaki vyote nitaonyesha vilipo, kimoja kimoja. Nimesaini.

Tamko limekaa vizuri, eh? Humu ndani hakuna anayeniuliza swali, kwa hiyo ulimi mwepesi.

Kesho ofisi yao inafunguliwa saa moja na nusu. Nitauchana ukurasa huu nimpe yule kijana mkononi, litakalokuwa na liwe. Na Jumamosi nikifungua daftari nikaukuta bado umo, nisijisumbue tena kujiuliza mimi ni mtu wa namna gani.