Land Rover ya Mzee Imeshuka

Mtaa wa mafundi, Kitale,
Jumatano, 14 Mei 2025.

Mpendwa shemeji Hillary,

Mulembe! Joto la Doha linakuachia nafasi ya kulala kweli? Sisi huku tu wazima. Dada yako Nasike ana mimba ya miezi minane sasa, lakini bado ananigombeza kwa nguvu zote. Mvua imenyesha, mahindi yamefika magotini.

Nimeandika kwa karatasi, Noah atakuletea akirudi kazini huko kesho. Kwa simu ningeanza kujitetea.

Uliniomba kitu kimoja tu: niitengeneze Land Rover ya marehemu Mzee ipite matope ya Kamukuywa, Mama atoke hospitali ya Lugulu baada ya upasuaji wa nyonga. Ukaniamini. Mimi nikaona hapa ndipo pa kuonyesha ufundi. Vile vyuma vinavyoshika springi kwenye fremu nikavitengeneza upya, virefu, vinene. Kila springi nikaiongezea bapa moja, nikachomelea vishikio vipya vya shoki. Gari ikapanda, bana! Sakafu ya mlango ilinifika kiunoni. Vijana wa hapa wakapiga picha, mimi mbele nimesimama kama bwana harusi.

Siku ya kumchukua Mama, matope hayakuniweza. Nilifika getini nikipiga honi. Mama akaja na mkongojo wake, akautazama ule mlango. Nasike nilikuwa nimekuja naye, lakini na tumbo lile hangeweza kumwinua. Na mimi ni mkwe, Hillary. Simgusi mama yako, hata mkono simpi.

Basi nikasimama upande wa pili wa boneti, uso nimegeuza, mikono inaning'inia tu. Mama akajaribu. Mguu ukakataa, akaanguka kwenye matope na gauni lake la kanisa. Muuza miwa na mama mmoja mpita njia ndio walimwinua, wakampandisha garini. Yule muuza miwa akauliza kwa sauti, ati huyu dereva naye ni mgonjwa? Nilitamani ardhi inimeze.

Tulipofika nyumbani, Mama alimwambia Nasike, kwa sauti ya kunifikia mpaka nyuma ya nyumba, kwamba gari ni nzuri, itamfaa siku atakayobebwa na wanaume sita.

Nimetoa vyuma vyote, vya zamani nimevirudisha. Vile virefu nimevikata, nikatengeneza ngazi ya mlangoni na mahali pa kushika. Lakini Mama amesema mwisho wa mwezi atarudi kwa daktari na bodaboda. Na nyonga ile, jamani!

Shemeji, kumwomba msamaha ana kwa ana siwezi, mila zetu unazijua. Nasike nikimtuma ananiambia niwatume wale vijana walionipiga picha. Tafadhali mpigie wewe. Mwambie gari imeshuka. Mwambie mikono nilikuwa nayo, na ilitaka sana kumwinua.

Nisalimie Wanyonyi unayeishi naye. Nekoye wetu anasema hajasahau ile doli uliyomwahidi. Mungu akulinde huko, na akuepushe na aibu ya namna hii.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye, hata kama wiki hii sistahili kuitwa fundi,

Wakhungu