Simu Haishuki Chini ya Kidevu

Rwamba dada yangu,

Runyenjes tuko wazima. Kwa boda mimi bado ndiye namba moja, hata polisi hunisalimia kwa jina.

Kila jioni unatupigia video kutoka Meru, unacheka, lakini simu haishuki chini ya kidevu. Na tangu Pasaka hujakanyaga nyumbani. Mimi nimetembea dunia hadi Namanga, sidanganyiki. Nimeandika karatasi kwa sababu kwa simu Baba husikiliza.

Nilimwambia Mama labda uko bize. Akaendelea kuchambua njahi, zile hupikiwa mwanamke akijifungua.

"Mwambie aje," akasema. "Mtoto hapakatwi kwa simu."

Jumamosi nakuja kukuchukua. Siku hiyo nitaendesha polepole.

Ndugu yako asiyeulizauliza,
Nyamu