Sukari ya Mama

Jumatatu, 4 Machi 1996
Chai ya rangi bila sukari, siku ya sita. Mama akakunja uso, akameza. Nikamsafisha kidonda cha titi kwa maji ya chumvi. Harufu haitoki mikononi hata nikisugua kwa sabuni ya kufulia. Naona kinyaa. Kisha najichukia, kwa sababu huyo ni mama yangu.

Chuo bado kimefungwa, mgomo. Niko nyumbani hapa mtaa wa Ziwani, lakini jikoni anatawala Senje Robai, dada ya marehemu baba. Sukari ameifungia kwenye sanduku lake. Unga wa ugali pia. Ufunguo anautia kifuani.

Daktari alisema Mama atatundikiwa dripu ya dawa ya kansa Ijumaa ya tarehe 15, mradi asishuke chini ya kilo arobaini. Wiki jana alikuwa arobaini na tatu.

Jumatano, 6 Machi
Niandike ukweli. Haya yalitoka mdomoni mwangu.

Jumanne ya wiki jana akina mama wa kanisani walikuja kumwombea, wakaniuliza mimi msomi kansa ni nini. Nikaleta daftari la baiokemia. Nikawaambia kila seli ina jiko lake, mitokondria, linalochoma sukari polepole kwa oksijeni hadi iishe kabisa. Kwenye kansa majiko hayo hubadilika. Seli huyaacha, huunguza sukari nusunusu na kutupa asidi. Nguvu inayopata ni kidogo, kwa hiyo inafakamia sukari kupita kiasi, kama jiko bovu linalomaliza gunia la makaa kwa chungu kimoja. Nikaongeza kwamba ugali nao hugeuka sukari.

Walinisikiliza midomo wazi, Senje akiwa kati yao. Nilifurahia sana. Kesho yake sanduku likafungwa.

Jumamosi, 9 Machi
Mwarobaini uliochemshwa, kijani cha matope. Mama alitapika kwenye karai, mimi nikalibeba. Senje akamimina kikombe kingine.

Mzani wa duka la dawa: arobaini na nusu.

Mama, aliyekuwa akiinua mabelo ya mitumba sokoni Gikomba peke yake, aliniomba nimshike akae. "Nafula, hata jela wanapewa ugali," akasema. Alikuwa anatania. Nilitoka nje nikalia kando ya mtaro unaonuka.

Jumapili, 10 Machi
Sikwenda kanisani. Nilifungua daftari, nikafunua ukurasa unaofuata. Mwandiko wangu mwenyewe: mgonjwa asipokula, mwili unavunja misuli na ini linaitengeneza kuwa sukari. Hata ile asidi inayotupwa na kansa, ini huirudisha kuwa sukari, kwa nguvu za mgonjwa. Uvimbe haulali njaa. Anayelala njaa ni Mama.

Nilikuwa naujua ukurasa huu. Niliulizwa juu yake kwenye mtihani. Siku ile sikufika huku kwa sababu watu walikuwa wameshanishangaa vya kutosha.

Jumatatu, 11 Machi
Nilimweleza Senje. "Si ni wewe ulisema hiyo kitu inakula sukari? Sasa unataka tuilishe?" Nikasema nilikosea, nilieleza nusu. Akanitazama kana kwamba nimelewa. Ana uchungu, naona. Alishamzika kaka yake, hataki kumzika na wifi.

Nilinunua robo ya sukari, nikaificha chini ya godoro. Aliipata. Aliimwaga mtaroni.

Alhamisi, 14 Machi
Sisimizi wamejaa mtaroni, weusi, wanaipanda ile sukari iliyolowa uchafu. Niliwatazama muda mrefu. Wao wanakula. Nikashikwa na hasira, nikawamwagia maji ya moto, halafu nikajiona mjinga.



Ijumaa, 15 Machi
Thelathini na nane. Senje alikuwa amesimama kando ya mzani, akausoma mwenyewe. Daktari akauliza anakula nini. Nikasema yote, kuanzia daftari. Daktari akasema sukari haihusiki, mlisheni, mrudi baada ya wiki mbili tuone. Hakusema atapewa dripu.

Tulipofika nyumbani Senje alifungua sanduku, akaacha ufunguo juu yake.

Jumapili, 17 Machi
Chai ya maziwa. Senje aliipika, akaenda kukaa mlangoni, ametupa mgongo. Nilitia vijiko vitatu, jinsi Mama alivyopenda zamani. Nikaanza kumweleza Mama ni kwa nini sasa inafaa.

"Nyamaza, Nafula. Koroga," Mama akasema.

Nikakoroga. Alikunywa nusu, akasema imekuwa tamu mno, akalala.