Nyani wa Kutazamwa

Jumamosi, hemani, mbuga ya pwani

Na kimya chote kile kilikuwa cha nini? Tangu asubuhi, mabegi mgongoni, mume wangu ananikataza hata kukohoa, eti nitafukuza wanyama. Tukajibanza kichakani saa mbili nzima. Nyani walipotokea ufukweni, mtaalamu wangu wa kimya akaruka, akagonga sufuria na kupiga kelele kama yuko shambani kwetu Uluguru.

"Mzee," akasema askari aliyetuongoza, "hao ndio tuliokuja kuwaona."

"Mazoea," akajibu, sufuria bado mkononi.

Nimemcheka mpaka jioni. Ila wasiwasi ninao. Mahindi yetu tumemwachia shemeji ayalinde, na yule hata kuku hawamwogopi.

Sijamwambia mume wangu kwamba na mimi nilikuwa nimeshaokota jiwe.